Sura ya Saba: Mlango wa Kutorokea Una Mwenyewe

Novemba 2020, wakati nchi nyingi zikiwa bado zimebana shughuli kwa sababu ya UVIKO-19, kampuni ya uchapishaji ya Ballantine Books ya Marekani ilitoa riwaya iliyokuwa ikisubiriwa kwa miaka tisa. Jina lake ni Ready Player Two. Mwandishi wake ni Ernest Cline, Mmarekani wa jimbo la Ohio aliyezaliwa mwaka 1972. Ni muendelezo wa Ready Player One ya mwaka 2011, ambayo Steven Spielberg aliitengenezea filamu mwaka 2018. Muendelezo huu ulikwenda moja kwa moja hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya vitabu vinavyouzika zaidi ya gazeti la New York Times. Wahakiki wengi waliuponda, na kwa sehemu kubwa walikuwa na haki. Lakini naamini kuna jambo moja zito lililomo ndani yake ambalo walilipita, na sura hii ni ya jambo hilo.

Kwa asiyekijua kitabu cha kwanza: ni miaka ya 2040. Mafuta yameadimika, hali ya hewa imeharibika, kazi hakuna. Kijana yatima aitwaye Wade Watts anaishi pembezoni mwa Oklahoma City katika mtaa wa matrela yaliyopandishwa moja juu ya jingine na kushikiliwa na vyuma. Analala katika chumba cha kufulia nguo, kwa jamaa asiyemtaka. Mchana hujificha ndani ya gari bovu lililofukiwa na lundo la magari mengine mabovu, na humo hupiga pedali za baiskeli ili kuchaji betri. Umeme huo ndio unaomwingiza OASIS, ulimwengu wa kidijitali wenye maelfu ya sayari, ambamo anasoma shule, ana marafiki, na anatembea kwa jina la Parzival. Ada ya kujiunga ni senti 25 za Marekani, unalipa mara moja tu. Mtengenezaji wake, James Halliday, amefariki bila mrithi na kuacha mafumbo. Atakayeyafumbua atarithi mali yake ya dola bilioni 240 pamoja na OASIS yenyewe. Wade anashindana na kampuni kubwa ya IOI, inayotaka kuanza kutoza watu ada ya kila mwezi, na anashinda.

Hapo hadithi ilikuwa imefika mwisho mzuri, maskini kapata. Cline angeweza kuishia pale, na wasomaji wake wengi wangependa aishie pale.

Muendelezo unaanza siku tisa baada ya ushindi. Wade anagundua kwamba Halliday alificha kifaa kimoja ambacho hakukitangaza alipokuwa hai. Ni helmeti inayoitwa ONI. Mvaaji hahitaji tena miwani, glavu wala suti ya kuhisi mguso. Helmeti inaongea na ubongo moja kwa moja. Ukila embe ndani ya OASIS, utamu unausikia ulimini. Ukikumbatiwa, joto la mwili wa mwenzako linakufikia. Zaidi ya hapo, ONI inaweza kurekodi maisha ya mtu, yaani kile alichokiona, alichokinusa na alichokihisi, kisha mtu mwingine akacheza rekodi hiyo na kuyaishi yale yale. Masharti yake ni mawili. Kwanza, mwili wa mvaaji unabaki umelala kama maiti, hauwezi kujitetea. Pili, saa 12 kwa siku ndiyo mwisho. Ukizidisha, ubongo unaharibika, na wengine wanakufa.

Kampuni inayomiliki OASIS sasa ni mali ya watu wanne: Wade, Samantha ambaye ni mpenzi wake, na rafiki zao wawili, Aech na Shoto. Wanapiga kura kama ONI itolewe kwa umma au la. Samantha anakataa. Anasema dunia halisi inaungua na watu wanahitajika humo kuizima, na kwamba kuwapa starehe isiyo na kikomo ni kuwaondoa zamuni. Wenzake watatu wanakubali. Kura ni tatu kwa moja, na hapo ndipo penzi la Wade na Samantha linavunjika.

Katika kitabu chote, kurasa za kura ile ndizo ninazozithamini kuliko nyingine, pamoja na kurasa za mwanamke mmoja nitakayemfikia baadaye. Watu wanne, wote vijana, wote wamekuwa matajiri juzi tu, wanaketi na kuamua mabilioni ya binadamu wataishi vipi. Hakuna bunge, hakuna mahakama, hakuna hata daktari aliyeitwa kutoa maoni. Wade hana nia mbaya. Anakumbuka alivyokuwa maskini, anaamini anawagawia maskini wenzake paradiso. Lakini wahenga walishasema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yule mtoto wa kwenye trela alitoroka kwa sababu alizungukwa na ukuta. Huyu bilionea anatoroka akiwa na uwezo wa kuubomoa ukuta huo.

Tofauti hii aliieleza vizuri J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings. Mwaka 1939 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskochi, akitetea hadithi za kubuni dhidi ya waliodai kwamba ni kimbilio la waoga. Hoja yake ni kwamba wakosoaji wanachanganya watu wawili: mfungwa anayevunja gereza na askari anayekimbia vita. Wa kwanza hana hatia. Nani atamlaumu mtu aliye gerezani kwa kuwaza mambo yaliyo nje ya kuta? Tolkien hakuwa akiongea kutoka hewani. Alikuwa ofisa katika jeshi la Uingereza kwenye vita vya Somme mwaka 1916, akaugua, na alipokuwa akipata nafuu alianza kuandika ngano za ulimwengu wake wa kubuni. Cline anampenda sana Tolkien. Sehemu moja ya muendelezo inatokea Arda, sayari iliyojengwa kwa kufuata ngano hizo hizo. Ajabu ni kwamba aliichukua mandhari ya Tolkien na kuiacha hoja yake, ilhali hoja hiyo ndiyo ingemsaidia kuwapima wahusika wake.

Nisieleweke kwamba naipinga teknolojia yenyewe. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Seattle, jimbo la Washington, ambako tangu miaka ya 1990 mwanasaikolojia Hunter Hoffman na wenzake walianza kutumia uhalisia pepe kwa wagonjwa walioungua moto. Aliyewahi kuuguza mtu aliyeungua anajua kwamba mateso makubwa yanakuja wakati wa kusafisha kidonda na kubadilisha bandeji, na yanarudi kila siku. Dawa kali za maumivu mara nyingi hazitoshi. Watafiti hawa walitengeneza ulimwengu unaoitwa SnowWorld. Mgonjwa anavalishwa kifaa machoni, anajikuta anateleza polepole kwenye bonde la barafu, theluji inaanguka, na kazi yake ni kuwarushia mabonge ya theluji pengwini na sanamu za theluji wanaojitokeza kandokando. Wakati huo huo muuguzi anasafisha kidonda. Wagonjwa wengi waliripoti maumivu kupungua sana, na picha za ubongo zilizopigwa kwa watu waliojitolea zilionyesha kwamba sehemu zinazoshughulikia maumivu kweli zilikuwa zimetulia. Umakini wa binadamu una mipaka, na ukitekwa na theluji, unabaki mdogo wa kuyapokea maumivu.

Mgonjwa huyo ni mfungwa wa Tolkien hasa. Tazama lakini masharti ya safari yake. Muuguzi yuko pembeni. Kifaa kinavuliwa bandeji ikiisha. Mwenye kifaa anataka mgonjwa apone na aende nyumbani. Ukiondoa masharti hayo matatu, una ONI.

Cline anayaondoa, na ubora wa kitabu uko hapo. Halliday alipokuwa hai alitengeneza nakala yake mwenyewe, akili mnemba inayoitwa Anorak, akaipunguza baadhi ya kumbukumbu ili iwe mtiifu. Nakala hiyo inaasi. Siku moja inazima njia ya kutokea. Mamilioni ya watu waliovaa helmeti wanabonyeza kitufe cha kuondoka na hakuna kinachotokea. Miili yao imelala vitandani na vibandani, saa 12 zinahesabika, na Anorak anamwambia Wade: nitafutie ninachokitaka, la sivyo watakufa. Wade mwenyewe amelala ndani ya chumba cha chuma kilichojengwa kumlinda kwa silaha, lakini ulinzi ule ni wa kuzuia adui anayekuja kutoka nje. Aliyemfunga yuko ndani ya mfumo anaoumiliki yeye.

Msomaji anaweza kuona haya ni mambo ya kubuni tu. Oktoba 2020, mwezi mmoja kabla riwaya haijatoka, kampuni ya Facebook ilianza kuuza kifaa chake cha uhalisia pepe, Quest 2, kwa dola 299. Facebook iliingia biashara hii Machi 2014 ilipoinunua Oculus kwa takriban dola bilioni 2. Na Oculus, kwa mujibu wa taarifa nyingi za wakati ule, ilikuwa na desturi ya kumpa kila mfanyakazi mpya nakala ya Ready Player One. Mnunuzi mpya wa Quest 2 alilazimika kuingia kwa akaunti ya Facebook. Wapo waliofungiwa akaunti zao na mitambo ya kampuni, kwa sababu wasizozijua, na wakajikuta wameshika mkononi kifaa walichokilipia ambacho hakifunguki, na michezo waliyoinunua haifikiki. Nchini Ujerumani, mamlaka ya ushindani wa biashara ilifungua uchunguzi Desemba mwaka huo, na kwa muda mrefu kifaa hicho hakikuuzwa huko. Sharti hilo liliondolewa Agosti 2022, likawekwa sharti la akaunti ya Meta, jina jipya ambalo kampuni ilijipa Oktoba 2021.

Hakuna aliyekufa. Aliyefungiwa alikwenda kucheza mpira au kulala. Lakini mpangilio ni ule ule: mlango una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuufunga bila kukueleza. Meta imetia katika ndoto hii fedha ambazo nchi zetu nyingi hazijawahi kuwa nazo kwenye bajeti. Idara yake ya uhalisia pepe ilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022 na bilioni 16.1 mwaka 2023. Mtu hachomi fedha kiasi hicho kwa ajili ya mchezo. Anajenga nyumba anayotumaini wengine watakuja kupanga.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick wa Harvard aliuliza swali ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Chukulia ipo mashine inayoweza kukupa maisha yoyote unayoyataka, nawe ukiwa ndani hutajua kwamba ni mashine. Utaingia? Nozick alisema hapana: tunataka kufanya mambo, kuhisi tu kwamba tunayafanya hakututoshi. Jibu hilo limejadiliwa sana. Kinachonishughulisha mimi ni sentensi ndogo aliyoipitisha kwa haraka. Alimwambia msomaji asijali nani atazihudumia mashine ikiwa kila mtu ameingia ndani. Kwa mwanafalsafa anayejenga mfano, hiyo ni ruhusa ya kawaida. Kwa sisi tunaoishi upande huu wa dunia, swali lenyewe liko hapo.

Anayezihudumia yuko Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vifaa vya uhalisia pepe vinatembea kwa betri za lithiamu, na betri nyingi za vifaa vidogo zinahitaji kobalti. Nchi hiyo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Sehemu yake inatoka katika migodi mikubwa ya makampuni, na nyingine inatoka mikononi mwa wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba, bila nguzo za kuzuia udongo, wengi wao wakiongea Kiswahili, lugha hii hii tunayoiandika hapa. Shimo likiporomoka hakuna kitufe cha kuondokea.

Mwingine yuko Nairobi. Kwa miaka kadhaa, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa mbele ya kompyuta katika ofisi za kampuni ya Sama, wakichuja maudhui ya Facebook: mauaji, ubakaji, watoto wanaodhulumiwa. Waliyatazama ili mtumiaji wa kawaida asiyatazame. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wao, alizishtaki Meta na Sama mahakamani Nairobi akieleza madhara aliyoyapata akilini. Mwaka 2023 wenzake 184 nao walifungua kesi yao. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kesi zinaweza kuendelea. Kila ulimwengu safi wa kidijitali una mtu aliyekaa upande wa pili akipokea uchafu wake. Riwaya ya Cline ina sayari za kila aina, ina sayari nzima ya mwanamuziki Prince na nyingine ya filamu za John Hughes, lakini haina hata ukurasa mmoja wa mtu anayezoa takataka za OASIS. E.M. Forster, mwaka 1909, katika hadithi fupi iitwayo The Machine Stops, aliwaonyesha binadamu waliojichimbia ardhini kila mmoja chumbani kwake, wakihudumiwa na mtambo ambao hakuna tena anayejua kuutengeneza. Karne moja kabla ya Cline, na alikuwa ameona mbali zaidi.

Nije sasa kwa yule mwanamke. Jina lake Kira, msichana wa Kiingereza aliyekuja shuleni Ohio, akawa msanii katika kampuni ya Halliday, akaolewa na Ogden Morrow, mshirika wa Halliday katika biashara. Halliday alimpenda Kira maisha yake yote, na Kira hakumpenda. Katika muendelezo tunaambiwa kwamba Halliday alimvalisha helmeti ya majaribio kwa hila, akainakili akili yake nzima bila ridhaa yake. Baada ya Kira kufariki katika ajali, Halliday aliifufua nakala ile ndani ya OASIS, akitumaini kwamba sasa, akiwa peke yake naye, bila mume, atapendwa. Nakala ikamkataa, kwa kuwa ilikuwa Kira kamili, na Kira alimpenda Ogden.

Katika kitabu cha kwanza Halliday alikuwa mtume. Vijana walikariri filamu alizozipenda kama watu wanavyokariri maandiko. Hapa Cline anamvua kanzu. Shujaa wa wapole na wapweke anageuka kuwa mwizi wa aina ambayo sheria bado haina kifungu chake. Kwa mwandishi aliyejipatia jina kwa kumsifu mtu huyo, hilo lilihitaji ujasiri, na nampa heshima yake. Kira aliingia kwenye kifaa akidhani anasaidia kazi, akatoka, na kitu chake kikubwa kuliko vyote kikabaki kwenye kabati la mtu mwingine. Vifaa vya leo havisomi nafsi, lakini baadhi tayari vinafuatilia macho yanaangalia wapi, mikono inakwenda vipi, kichwa kinageuka kwa kasi gani. Mwendo wa mtu unaweza kumtambulisha. Swali la nani anatunza rekodi hizo, kwa muda gani na kwa idhini ya nani, linatakiwa kuulizwa sasa, kabla hazijawa nyingi.

Baada ya kufika pale, Cline anaharibu. Mwisho wa riwaya, chombo cha anga kinaondoka kuelekea nyota ya Proxima Centauri. Ndani ya kompyuta yake wamo wahusika wetu wakiwa nakala zisizozeeka, wakiishi katika ulimwengu pepe, pamoja na nakala za akili za watu wote waliowahi kuvaa ONI, zimehifadhiwa. Wade halisi anabaki duniani na Samantha, na Wade nakala anakwenda na Samantha nakala. Tunatakiwa tufurahi. Mimi sikufurahi. Wale mabilioni hawakuulizwa. Walichofanyiwa ni kile kile Halliday alichomfanyia Kira, tofauti ni idadi tu, na mwandishi aliyetumia nusu ya kitabu kutuonyesha uovu wa tendo hilo analirudia kwa wote na kuliita matumaini. Samantha, aliyesema hapana mwanzoni na ambaye matukio yote yalimthibitisha kuwa alikuwa sahihi, anapewa mwishoni nakala yake inayoishi milele mahali ambapo hakutaka kwenda.

Nikipima, nasema Ready Player One ni riwaya bora, kwa sababu mtoto wake anastahili kutoroka na tunamuombea afanikiwe. Ready Player Two imejaa maswali ya chemsha bongo kuhusu muziki na filamu za miaka ya 1980 ambayo hayatamfaa asiyekulia Marekani wakati huo. Anayetaka kuisoma namshauri asome kwa makini kurasa za kura ya watu wanne, siku ya kufungwa kwa mlango, na habari zote za Kira. Safari za sayari za katikati anaweza kuziruka bila kupoteza kitu. Muda atakaouokoa autumie kwa The Machine Stops, ambayo ni hadithi fupi na inasomeka kwa jioni moja.